Nilivyofeli Mtihani wa Karafuu

Duka letu lilikuwa duka la kukohoa. Sisemi kwa utani. Tulisaga viungo na kuviuza kwa jumla katikati ya Kariakoo, kwenye mtaa ambao upande mmoja ni vitambaa na upande wa pili ni vyombo vya plastiki, na yeyote aliyepita mlangoni kwetu mashine ya pilipili ikiwa imewashwa alikohoa, akapiga chafya, akatutukana, kisha akaendelea na safari yake. Wateja wa zamani waliingia wameshaziba pua. Sisi wenyewe tulikohoa tangu kufungua mpaka kufunga, na hakuna aliyempa mwenzake pole. Ukimpa pole kila anayekohoa pale, jua litazama hujafanya kazi.

Kwa hiyo korona ilipoingia mjini ilitukuta tumeshajitangaza wenyewe. Mteja alisikia kikohozi kimoja kutoka nyuma ya magunia, akageuka bila hata kuuliza bei. Kuna mama mmoja aliyeacha kapu lake pale pale na kuondoka mbio, na kesho yake akamtuma mtu mwingine kulichukua.

Mtaa mzima ulibadilika. Kila mlango uliwekwa ndoo ya maji yenye koki, na sabuni juu ya stuli. Watu waliozoea kupeana mikono mpaka vidole vinalia wakaanza kugongana viwiko. Malimao na tangawizi vikaadimika. Mafundi cherehani wakaacha magauni wakashona barakoa za vitenge, na mabinti wakawa wanachagua ya kufanana na kilemba. Kwenye simu kila mtu alikuwa daktari: huyu anasema maji ya moto, yule anasema kitunguu chini ya unyayo, mwingine anaapa kwamba ugonjwa huo hauliwezi joto la Dar. Nchi za jirani watu walifungiwa ndani. Kwetu shule zilifungwa, soko likaachwa wazi, na kila mtu akabaki na hofu yake aipange anavyojua. Walikuwepo waliocheka na walikuwepo waliohama. Jirani yetu kule Buguruni, ambaye chumba chake kinatazamana na chetu uani, aliichukua familia yake akaenda nayo Tanga, akaniachia ufunguo nimwagilie mchicha wake.

Mimi mchana nilicheka na waliocheka, usiku nikaogopa na walioogopa. Nilikuwa na sababu. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza kufika mwezi wa tisa, baada ya nyingine ambazo hazikufika. Mama mkwe alikuwa ameshavuka na pantoni kutoka Kigamboni, na khanga zake na majani yake ya kukandia, kuja kumsubiri mjukuu. Kila jioni nilipotoka kazini alinisimamisha nje ya mlango, nikavua shati, nikanawa mpaka kwenye viwiko, ndipo nikaruhusiwa kusema shikamoo.

Bosi wetu alikuwa mama wa Kilimanjaro, mtu wa kusali kabla ya kugusa kufuli. Hakuwa na muda na maneno ya mtaani, si ya waliocheka wala ya waliohama. Lakini mwenye duka la vitambaa la jirani, ambaye alikuwa akija kwetu kila siku saa nne kunywa chai, alishikwa na kifua, akapelekwa hospitali, na waliokuja kufungua duka lake baada ya hapo walikuwa wanawe. Watu wakasema ni presha. Bosi alikwenda kuhani, akarudi amebadilika. Alichora mistari ya chaki sakafuni wateja wasimame juu yake. Alitununulia barakoa wote. Kisha akaleta bunduki ya kupimia joto.

Bunduki hiyo ilimtesa. Wasagaji tunasimama karibu na mota, na mota ile inachemka. Siku ya kwanza ilisema wasagaji wote tuna homa. Alituweka barazani tupoe, akapima tena, tukawa wazima. Tukarudi kazini, akapima tena, tukawa wagonjwa. Akaitia kwenye droo na kuifunga. Kikohozi nacho, kama nilivyosema, kwetu hakikuwa ushahidi wa kitu chochote. Ndipo akasikia redioni kwamba wenye ugonjwa huo wengi hupoteza uwezo wa kunusa. Bosi alifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo wake. Duka la viungo likose kitu cha kunusa?

"Kuanzia kesho," akasema, "hakuna anayevuka mlango huu hajanusa karafuu. Akiisikia, aingie. Asipoisikia, arudi nyumbani akapumzike, kazi yake itamsubiri."

Niseme hapa kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasaga karafuu. Kila msagaji alikuwa na mashine yake, maana ukichanganya mashine unachanganya ladha, na mteja wa pilau anajua. Mzee mmoja alisaga binzari tangu mimi sijaota ndevu. Mwingine alikuwa wa pilipili. Mimi karafuu, tangu nilipoingia dukani nikiwa kijana hadi siku ile. Nilipoambiwa mtihani ni wa karafuu nilicheka kwa ndani. Nikasema, leo nimeletewa mtihani wenye majibu.

Usiku ule ule mke wangu alishikwa na uchungu. Hospitali hawakuruhusu mtu kuingia wodini kwa ajili ya ugonjwa, kwa hiyo mama mkwe alisubiri kwenye benchi la ndani ya geti na mimi nikasubiri nje na wanaume wengine, kila mmoja na barakoa yake, hakuna anayemsogelea mwenzake. Alfajiri simu ikaita. Mama mkwe alisema maneno machache tu: mtoto wa kike, wote wazima, kesho wanaruhusiwa. Nililia pale pale barabarani mbele ya wauza maandazi, na sikuona haya.

Nilikwenda moja kwa moja Kariakoo kuomba ruhusa. Bosi alikuwa mlangoni na kijiko mkononi.

"Shikamoo mama. Mama, nimepata mtoto!"

"Marahaba. Bwana asifiwe! Hongera sana, baba!" Alitaka kunikumbatia, akajizuia. "Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Ooh! Basi fumba macho haraka, nusa, uende ukampokee mwanao."

Nilishusha barakoa, nikafumba macho, nikavuta pumzi. Nikasubiri. Nikavuta tena.

"Mama, mbona sisikii kitu? Umeshaweka?"

"Nusa vizuri, acha mzaha."

"Sifanyi mzaha. Hicho kijiko kitupu."

Nilipofumbua macho, kijiko kilikuwa kimejaa karafuu. Karafuu niliyoisaga mwenyewe jana yake.

Bosi alirudi nyuma hatua, na nyuma yake wenzangu wote wakarudi nyuma hatua. Nilivuta pumzi tena kwa nguvu, unga ukaniingia puani, nikapiga chafya, na hiyo chafya ndiyo ikawatawanya kabisa.

"Yesu wangu," bosi akasema taratibu. Machozi yalikuwa yameshamlengalenga. "Baba, sikiliza. Usimguse mtoto. Umenisikia? Pita zahanati, kisha ukajifungie. Usimguse kabisa."

Alinifungashia tangawizi, malimao na kifuko cha karafuu nipime mwenyewe kila asubuhi, akaviweka juu ya stuli, akasogea nivichukue. Pale zahanati muuguzi aliniuliza maswali akiwa mbali, akasema nikae peke yangu, ninywe vya moto, na pumzi zikibana nirudi haraka. Nikavaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, nikatembea kwa miguu mpaka Buguruni nisimwambukize mtu.

Nilimpigia simu mama mkwe nikamweleza, kisha nikahamia chumba cha jirani aliyekwenda Tanga. Kesho yake bajaji ilisimama nje, na kupitia upenyo wa pazia nikamwona mke wangu anashuka polepole, na mama mkwe nyuma yake ameshika khanga iliyokunjwa. Ndani ya ile khanga alikuwemo mwanangu. Uani kwetu si kwa kusema ni kukubwa. Mtu angeweza kurusha kiatu kikanifikia. Na bado sikutoka. Niliuma kitambaa cha pazia.

Mama mkwe alisimama katikati ya uwanja akanisemesha mlango ukiwa umefungwa.

"Baba, pole. Mungu atakusaidia. Sasa kuna jambo la adhana. Mtoto hajaadhiniwa. Nimwite shemeji yako aje aadhini?"

Kwetu sisi mtoto akizaliwa, sauti ya kwanza inayotakiwa kuingia sikioni mwake ni adhana, na baba ndiye anayengojewa kuisema. Anaweza kuisema mwanamume mwingine, haina shida. Nilitaka kujibu kwamba aitwe. Kabla sijatamka, mke wangu akanijibia kutoka chumbani kwake.

"Haitwi mtu, mama. Baba yake mzima, yuko hapo nyuma ya ukuta. Tutamsubiri."

"Niadhini kutokea hapa hapa, nipaze sauti," nikasema.

"Adhana ya mtoto si tangazo la mnada," mama mkwe akajibu. Akaingia ndani.

Ndivyo maisha yangu yalivyokuwa. Asubuhi naamka, nafungua kifuko cha karafuu, nanusa, sisikii, nafunga. Chakula kinaletwa kizingitini, mama mkwe anagonga, anaondoka, nachukua. Mchana najifukiza nyungu, majani ya mwarobaini na mchaichai, nimejifunika blanketi jasho linanitoka mpaka kwenye nyayo. Leo nikikumbuka najicheka, maana ule mchaichai nilikuwa nausikia vizuri kabisa. Lakini akili ilishahukumu. Nilisema, naam, dawa imeanza kufanya kazi; kesho nitasikia karafuu. Kesho sisikii. Sikuwa na homa wala pumzi hazikubana, lakini kwa watu wa duka letu karafuu ndiyo iliyokuwa hakimu, na ilikuwa imekataa kunisamehe.

Mtoto alikuwa na sauti. Akilia, ukuta wangu unalia naye. Nilijifunza kilio cha njaa na kilio cha mkojo kabla sijamwona uso, na nilikuwa nabishana kimoyomoyo na mama mkwe: huyo hataki kubembelezwa, huyo anataka ziwa. Nilikasirika na kila kitu. Nilimkasirikia anayecheka barabarani, nilimkasirikia anayekohoa kwenye redio, niliukasirikia mpaka mchicha wa jirani kwa kuota kama hakuna kilichotokea. Na siku ya saba ilikuwa inakaribia, siku ya kumnyoa na kumpa jina, na mama mkwe alikuwa anazidi kusafisha koo akipita mlangoni kwangu. Nilijua anachotaka kusema. Mtoto atapewaje jina hajasikia hata adhana?

Siku moja asubuhi, kabla sijatoka kitandani, mama mkwe aliwasha jiko la mkaa uani, karibu na dirisha langu. Nikasikia sufuria, nikasikia maji, halafu ikaja harufu. Watu wa Kigamboni na papa mkavu hawatenganishwi, na mimi kwa huyo papa nimeshindwa tangu siku ya posa. Nilivumilia. Nikaweka mto usoni. Nikageukia ukutani. Mwishowe hasira zote za siku zile zikanitoka kwa njia hiyo moja.

"Jamani! Nani anapika papa asubuhi yote hii? Mtatuua!"

Mwiko ulinyamaza sufuriani. Nikakumbuka nani anapika. Nilitaka ardhi inimeze. Mkwe hasemeshwi hivyo, hata uwe unakufa.

"Nani kasema hivyo?" mama mkwe akauliza.

"Mimi, mama. Nisamehe, mama. Nimekosa."

"Umejuaje kama ni papa?"

"Si ananuka, mama."

"Wewe si umeambiwa husikii harufu?"

"Sisikii karafuu."

"Papa unamsikia?"

"Mpaka machoni, mama."

Akaweka mwiko chini. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya uchungu: mke wangu anacheka. Alikuwa anacheka na huku anaugulia tumbo.

"Mama," akasema, "huyu karafuu hajaisikia hata siku moja! Tangu anioe. Kila akirudi namwambia unanuka karafuu, ananiuliza karafuu gani. Shuka zetu zinanuka karafuu, yeye anasema zinanuka sabuni. Mimi nilidhani ananitania!"

Nilikaa kitandani mdomo wazi. Nikajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho niliisikia karafuu. Nilikumbuka wiki yangu ya kwanza dukani, kichwa kinaniuma kwa ukali wake. Baada ya hapo, hakuna.

Mama mkwe si mtu wa kuamini jambo kwa maneno. Aliniamuru nitoke, nikae kizingitini, nifumbe macho, barakoa ishuke chini ya pua. Akawa anaweka kitu juu ya stuli mbele yangu, anarudi nyuma, ananiambia nusa. Wapangaji wengine wakajipanga kwenye milango yao. Kahawa, nikaitaja. Ndimu, nikaitaja. Mafuta ya taa, nikamwambia atanichoma pua. Ubani, nikautaja kabla haujafika stulini. Karafuu kutoka kwenye kifuko changu, nikasema, "Bado hujaweka, mama," na uani kote wakapiga makofi. Kisha akaweka kitu cha mwisho, na nilipovuta pumzi nikakunja uso, halafu nikajikuta nacheka na machozi yananitiririka.

"Huyo," nikasema, "atakuwa mwanangu."

Ilikuwa nepi yake ya alfajiri.

Mama mkwe alichukua simu yangu akampigia bosi mwenyewe. Hawakuwa wamewahi kuonana. "Dada, habari za kazi. Hivi hapo kwako nani mwingine umempima kwa kitu anachokisaga kila siku?" Bosi hakuelewa. Akaelezwa. Tukamsikia anaita kwa sauti, anamwambia mzee wa binzari, ambaye kila asubuhi alikuwa anaufaulu mtihani wa karafuu kwa kishindo, afumbe macho anuse. Simu ilikuwa wazi, tukawa tunasikiliza wote.

"Haya mzee, nini hiki?"

Mzee akachukua muda wake. "Mama, huu si unga wa muhogo?"

Bosi alicheka mpaka akakohoa, na duka zima likakohoa naye, na sisi Buguruni tukacheka kwa sababu ya kile kikohozi. Alipopata pumzi alisema maneno ambayo sijayasahau: "Asante Yesu. Mwambie ni mzima. Mwambie pua yake imeliwa na kazi yangu tu." Halafu akalia, nikamsikia. Nadhani alikuwa anamlilia na jirani yake wa vitambaa, ambaye ugonjwa wake haukugundulika kuwa kosa la kipimo kama wangu. Na mimi furaha yangu ikatulia kidogo nilipomkumbuka jirani yule na kikombe chake cha chai.

Kuanzia asubuhi iliyofuata bosi alipima watu kwa malimao, maana hakuna aliyekuwa anasaga malimao. Barakoa hakuziondoa wala chaki hakuifuta, na alifanya vizuri. Lakini hayo niliyasikia baadaye. Siku ile mimi nilikuwa bafuni nakoga. Mama mkwe alikuwa amesema nikoge mara mbili, nikakoga mara ngapi sijui. Nguo zangu zikalowekwa nje. Nikavaa kanzu, nikanawa tena mikono, nikavaa barakoa mpya, nikasimama mlangoni kwa mke wangu kama siku niliyokuja kuposa.

Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, amekonda usoni. Mama mkwe aliniwekea mtoto mikononi. Alikuwa mwepesi kuliko kilio chake. Amelala, mdomo umejikunja, anafanana na mama mkwe, na siku ile hata hilo lilinifurahisha.

Niliinama nianze. Mama mkwe akanizuia begani.

"Vua hiyo barakoa. Adhana haichujwi."

Nilisita. Siku zote zile nilikuwa nimeiogopa pumzi yangu kuliko kitu chochote duniani. Nililala nimeigeuzia ukutani isivuke uwanja ikamfikia. Nikamtazama mke wangu. Akatikisa kichwa kukubali. Nikaivua.

Nikaweka mdomo karibu na sikio lake la kulia, nikaanza kwa sauti ya chini. Alikuwa na vinywele vyembamba juu ya sikio, na kila nilipotamka vilikuwa vinatikisika. Nilipoona vinatikisika kwa pumzi yangu, na mtoto amelala tu, hana habari, sauti ilinikatika. Hakuna aliyenihimiza. Mama mkwe alisubiri, mke wangu alisubiri. Nikarudia tangu mwanzo.